Mtazame Anayepigwa: Namna ya Kujaza Kadi ya Pambano la Zamani

Tarehe 6 Aprili 1987, kwenye ulingo uliojengwa nje ya hoteli ya Caesars Palace mjini Las Vegas, Marvin Hagler na Sugar Ray Leonard walipigana raundi 12, na mpaka leo mashabiki hawajakubaliana nani alishinda. Majaji wenyewe hawakukubaliana. Lou Filippo alimpa Hagler 115-113. Dave Moretti alimpa Leonard 115-113. Jo Jo Guerra akaandika 118-110 kwa Leonard, yaani raundi kumi kwa mbili. Wote watatu walikaa kando ya ulingo mmoja na kutumia kanuni zile zile. Video yake inapatikana, ngumi zenyewe ni dakika 36 tu, na kinachohitajika ni karatasi na kalamu. Kwa shabiki anayetaka kupima ngumi badala ya kushangilia tu, sijui pambano la kuanzia lililo bora kuliko hili.

Kanuni kwanza, kwa ufupi, maana nusu ya ubishi wa vijiweni unatokana na kutozijua. Kila raundi inasimama peke yake. Aliyeishinda anapata pointi 10, mwenzake 9. Akiangushwa mara moja, kwa kawaida anabaki na 8. Jaji anapima mambo manne: ngumi safi zilizofika, mashambulizi yenye mafanikio, kutawala ulingo, na kujikinga. Kwenye karatasi manne haya yanaonekana kulingana, lakini jaji makini anaanza na ngumi safi, na akipata jibu hapo hana haja ya kwenda mbali. Mengine ni ya kuamulia raundi ambayo ngumi zimelingana. Bondia anayesonga mbele dakika tatu nzima huku anakula ngumi za uso hashambulii kwa mafanikio, anatembea tu.

Baada ya hapo kazi yote ni ya jicho, na jicho la watu wengi liko mahali pasipofaa. Linafuata mikono ya anayepiga. Mikono ikienda haraka, mtazamaji anaona ngumi nane, ukumbi unapiga kelele, raundi inahesabiwa imekwisha. Hamisha macho. Mtazame anayepigwa. Ngumi iliyofika inamfanyia mtu kitu: kidevu kinanyanyuka, kichwa kinageuka upande bila mwenyewe kutaka, goti linalegea kidogo, mkono aliokuwa ameuandaa hautoki tena. Ngumi ya mbavu haionekani vizuri kwenye kamera, lakini mpokeaji anaisema. Kiwiko kinashuka, mdomo unafunguka, na raundi mbili baadaye anaanza kumkumbatia mwenzake mapema kuliko alivyozoea. Iliyotua kwenye glovu au begani inaweza kutoa mlio mkubwa kuliko zote, na mpokeaji akaendelea na alichokuwa akifanya kana kwamba hakuna kilichotokea. Hiyo usiiandike.

Rudi sasa kwa Leonard. Mpango wake unafahamika: kona yake ilikuwa ikimpigia kelele zikibaki sekunde 30 kila raundi, naye akasimama na kumwaga mfululizo wa ngumi za haraka hadi kengele ilie, ili majaji waondoke na picha hiyo. Tazama sekunde hizo mara ya kwanza ukimwangalia Leonard, kama ulivyozoea. Kisha rudia ukimwangalia Hagler peke yake. Utaona nyingi zinaishia kwenye glovu zake, nyingine zinateleza kwenye upara. Lakini usikimbilie kusema ameibiwa. Katika kila mfululizo zipo mbili au tatu zinazomgeuza uso, na hizo ni halali hata kama zimepakwa rangi na zile tano zilizopotea.

Sasa rudisha video kwenye dakika mbili za kwanza za raundi hiyo hiyo, umtazame Leonard kama mpigwaji. Kichwa chake hakipo pale ngumi ya Hagler inapofika. Hagler anarusha, anakosa, anarusha tena, anagusa bega. Kwa hesabu za CompuBox, kampuni inayohesabu ngumi za mapambano, Hagler alirusha ngumi 792 zikafika 291. Leonard alirusha 629 zikafika 306. Hagler alifanya kazi zaidi na akafikisha pungufu. Namba hizo zisikutawale, kwa sababu wanaozihesabu hubonyeza kitufe kwa kila ngumi, na ingawa hutenganisha ngumi za kudonoa na nyingine, hawapimi uzito: ngumi inayogusa tu na ile inayomyumbisha mtu huhesabiwa sawa. Hata hivyo zinaeleza kwa nini yule aliyeonekana anafukuza pambano usiku kucha hakuwa lazima analishinda.

Raundi mbili zinastahili kurudiwa polepole zaidi kuliko nyingine. Katika ya 5, karibu na mwisho, Hagler anaingiza ngumi ya kunyanyua kutoka chini na Leonard anayumba. Miguu yake inasema kabla uso haujasema. Hapo kuna jibu, na kama kadi yako inampa Leonard raundi ile, jiulize ulikuwa unatazama nini. Ya 9 ni nzuri kuliko zote na ngumu kuliko zote. Hagler anambana Leonard konani, anamwumiza, kila mtu anaamini mwisho umefika, kisha Leonard anajibu kwa mfululizo ambao safari hii unafika kweli. Hapa ndipo mtu hutofautiana na mwenzake kwa haki kabisa. Mimi naipa kwa Hagler, kwa sababu ngumi zilizobadilisha mwendo wa raundi zilikuwa zake. Anayeipa kwa Leonard simwoni mjinga, ilimradi aweze kunionyesha ngumi zake.

Raundi za mwanzo nazo zina mtego wa aina nyingine. Hagler kwa asili anasimama kishoto, mkono wa kulia mbele. Usiku ule alianza na msimamo wa kawaida, kushoto mbele, na sijapata kusikia sababu iliyoniridhisha. Leonard alizichukua raundi hizo bila jasho. Na kumbuka Hagler alikuwa amekubali raundi 12 badala ya 15, kwa hiyo zile tatu ambamo mwili wa Leonard ungeweza kulipa deni hazikuwapo. Mashabiki wa Hagler huzijaza vichwani mwao. Kadi haina nafasi ya raundi ambazo hazikupigwa.

Kosa kubwa zaidi, na nadhani ndilo lililomkuta aliyeandika 118-110, ni kupima matarajio. Leonard alikuwa amepigana mara moja tu katika miaka mitano, na jicho lake lilifanyiwa upasuaji wa retina mwaka 1982. Hagler hakuwa amepoteza tangu 1976. Watu walikwenda wakitegemea kuona mtu anaumizwa. Kila raundi Leonard aliyomaliza akiwa amesimama, tena anacheza, ilionekana kama raundi aliyoshinda. Kunusurika na kushinda vinafanana sana unapokuwa umeshaamua mtu atakufa. Dawa yake ni kujaza kadi mara ya pili siku nyingine, baada ya mshangao kuisha.

Kadi yangu husomeka 115-113 kwa Leonard, na raundi mbili kati ya nilizompa zina alama ya kuuliza pembeni. Alama hizo ni muhimu kuliko jumla. Andika mshindi wa kila raundi kabla kengele ya inayofuata haijalia, uweke na maneno matatu ya sababu: “kulia, mara mbili”, au “mbavu, Hagler kachoka”. Ukikosa maneno matatu, weka alama ya kuuliza. Mwishoni hesabu alama hizo. Mwenye 7-5 na alama tatu za kuuliza hana haki ya kumwita mwenye 5-7 mwizi. Guerra aliachana na Filippo kwa raundi tano nzima, na pengo la namna hiyo halielezeki kwa alama za kuuliza.

Kuna hesabu moja ndogo ambayo wazoefu huitumia kusoma kadi ya mtu bila kuiona raundi kwa raundi. Katika pambano la raundi 12 lisilo na kuangushwa wala pointi kukatwa, jumlisha namba mbili za jaji. Zikifika 228, hakuna raundi aliyotoa sare. Zikifika 229, ametoa moja, 230, mbili. Ijaribu kwenye pambano la Evander Holyfield na Lennox Lewis, Madison Square Garden, tarehe 13 Machi 1999. Stanley Christodoulou alimpa Lewis 116-113, jumla 229. Eugenia Williams alimpa Holyfield 115-113, jumla 228. Larry O’Connell aliandika 115-115, jumla 230: raundi mbili alishindwa kuamua, na kadi hiyo ndiyo iliyolifanya pambano zima kuwa sare. Lewis alikuwa amefikisha ngumi 348 kwa 130. Ukifika raundi ya 5, ambayo Williams alimpa Holyfield, simamisha kila kitu kingine nyumbani na umtazame Holyfield akiwa kwenye kamba. Williams mwenyewe alipoonyeshwa video baadaye alisema angempa Lewis. Kadi ya O’Connell nayo ndiyo inayonifanya niwe mbahili wa raundi za sare. Sheria inaziruhusu, lakini kwa anayejifunza ni mlango wa kutorokea.

Sauti izime. Hili halina mjadala. Mtangazaji analipwa kukufanya ubaki, na akishaamua hadithi ya usiku, kila ngumi anaiingiza kwenye hadithi hiyo. Umati nao ni mtangazaji mwingine. Pambano la Kinshasa la 30 Oktoba 1974 linalithibitisha hili vizuri. Ukilitazama kwa sauti, linaonekana kama mtu aliyeshambuliwa raundi saba kisha akafanya muujiza. Lizime sauti, mtazame Muhammad Ali kama mpigwaji, na utaona ngumi nyingi za George Foreman zinaishia mikononi na mabegani. Kisha mtazame Foreman. Tangu raundi ya kwanza anakula mkono wa kulia ulionyooka, usiotanguliwa na wa kushoto, na uso wake unavimba kidogo kidogo. Ali alipommaliza raundi ya nane alikuwa anaongoza kwenye kadi zote tatu, ikiwemo ya refa Zack Clayton. Muujiza huo ulikuwa na maandishi yake.

Usitumie mwendo wa polepole wala marudio kabla hujaandika. Jaji hana. Na usisahau kwamba kamera yako iko juu, upande mmoja, inaona kila kitu, wakati jaji yuko chini na mara nyingine amepewa mgongo wa bondia au wa refa. Tofauti ya raundi moja au mbili kati yako na yeye mara nyingi ni tofauti ya viti.

Mapambano ya zamani zaidi yapimwe kwa kanuni za siku zake. Joe Frazier na Ali walipokutana mara ya kwanza, tarehe 8 Machi 1971, New York ilihesabu raundi, haikuhesabu pointi. Ile ngumi ya kushoto iliyomlaza Ali chali katika raundi ya 15 ilimpa Frazier raundi moja tu, sawa na nyingine yoyote aliyoshinda kwa kudonoa. Ukiijaza kadi ya pambano lile kwa mfumo wa pointi 10 utapata kitu cha kufurahisha, lakini huwezi kukilinganisha na kadi za majaji wa usiku ule.

Kabla ya kurudia Hagler na Leonard kwa mara ya tatu, watafute Waganda wawili. Ayub Kalule, bingwa asiyepoteza wakati huo, alipigana na Leonard mjini Houston tarehe 25 Juni 1981. Alisimama kishoto kama Hagler, na ndani ya raundi tisa unamwona Leonard akijifunza, kwa taabu, pa kuweka mguu mbele ya mtu wa namna hiyo. Na tarehe 10 Machi 1986 John Mugabi, aliyekuwa na ushindi 25 wote kwa KO, alimpa Hagler raundi 11 ngumu kabla ya kuanguka. Leonard alikuwepo akitazama kando ya ulingo. Mtazame Hagler kama mpigwaji katika lile la Mugabi, na utaona alichokiona Leonard: bingwa anayefikiwa na ngumi ambazo miaka mitatu nyuma angeziona zinatoka nyumbani.

Mtihani wa mwisho ninaowapa watu ni Azumah Nelson wa Ghana na Jeff Fenech wa Australia, Las Vegas, tarehe 28 Juni 1991. Ilitangazwa sare. Mwaka 2022 shirika la ndondi la WBC lilibadili matokeo na kumpa Fenech ushindi, zaidi ya miaka 30 baadaye. Nelson alisema aliingia akiwa na malaria. Inawezekana, lakini malaria haina safu kwenye kadi. Fenech anasonga mbele dakika tatu za kila raundi, na kazi yako ni kujua lini anashambulia na lini anatembea. Jaza kadi ya pambano hilo kabla hujaligusa la marudiano la Machi 1992, ambalo Nelson alimwangusha Fenech mapema na kummaliza raundi ya nane mjini Melbourne. Ukianza na la Melbourne, utamwona Nelson wa 1991 akiwa na nguvu ambazo usiku ule hakuwa nazo.