Mtoto Chini ya Piano: Uhakiki wa Kitabu cha Jan Morris

Tunapohakiki maandishi ya wageni, hatuna budi kujiuliza kwanza yana faida gani kwetu. Swali hilo tulikuwa nalo tuliposoma Conundrum, kitabu cha Jan Morris kilichotolewa mwaka 1974. Jina lake lina maana ya kitendawili kigumu.

Mwandishi huyu alizaliwa Uingereza mwaka 1926, akapewa jina la James. Alikuwa askari, kisha mwandishi wa gazeti la The Times, na ndiye aliyepeleka London habari za kufikiwa kwa kilele cha Everest mwaka 1953. Alioa, akapata watoto. Mwaka 1972 alikwenda Casablanca, nchini Moroko, akapasuliwa ili mwili wake uwe wa kike, na aliishi kama mwanamke mpaka alipofariki mwaka 2020.

Hata hivyo, uzito wa kitabu haumo katika safari ya Casablanca. Umo katika kurasa za mwanzo, ambapo mtoto wa miaka mitatu au minne ameketi chini ya piano, mama yake akiipiga, na anatambua moyoni kwamba amezaliwa katika mwili usio wake. Siri hiyo aliichukua kwa miaka mingi. Hapo ndipo tunapouona ustadi wa mwandishi: hatuhubirii, bali anatuketisha pamoja na mtoto yule katika upweke wake.

Msomaji wa Kiswahili ana wepesi fulani hapa. Kiingereza humlazimisha msimulizi achague, karibu kila anapomtaja mtu, kama ni wa kike au wa kiume. Sisi husema “yeye”, “alicheka”, “alilia”, na utu ukatangulia jinsia. Lakini tusijisifu mno. Lugha hiyo hiyo, ikimwona msichana mwenye mwendo wa kiume, humwita jikedume. Na mvulana mwenye mwendo wa kike huitwa majina mabaya zaidi. Maneno ya dhihaka tunayo tele. Neno la kuitaja dhiki yenyewe ndilo adimu.

Kitabu kina mpaka wake pia. Morris alikiandika akikaribia umri wa miaka hamsini, na mtu mzima huutazama utoto wake kutoka mahali alipofika. Wahenga walisema, adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Ni kweli, lakini maiti huijua adhabu ya kaburi lake, si ya kaburi la jirani. Ushahidi wa mmoja hauwi sheria ya wote.

Jambo hili si dogo. Morris alipokuwa mtoto, hapakuwa na tiba ya kumpa. Katika miaka ya 1990, madaktari wa Uholanzi walianza kuwapa baadhi ya vijana wenye dhiki hiyo dawa za kusimamisha balehe kwa muda. Tangu hapo mabingwa wamegawanyika. Mwaka 2023 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilikariri kwamba kinaiunga mkono tiba hiyo. Mwaka 2024 Daktari Hilary Cass, aliyepewa kazi ya kuichunguza huko Uingereza, alieleza kwamba ushahidi wake ni dhaifu. Na mwaka huo huo serikali ikazuia dawa hizo zisitolewe kwa wagonjwa wapya walio chini ya miaka 18, isipokuwa katika utafiti. Lakini Cass huyo huyo alisisitiza kwamba vijana hao wastahili heshima na huduma njema.

Sisi si waganga, na fasihi haiandiki dawa. Kazi yake ni kutufanya tumwone mtu kabla ya kumhukumu. Mwalimu naye hawezi kukata shauri ambalo mabingwa wangali wakilijadili. Lakini darasani mwake huenda yumo mtoto aliyeichukua siri yake kimya kama yule wa chini ya piano. Kumsikiliza anaweza, na kicheko cha wenziwe, mwalimu anaweza kukizima leo hii.