Kioo Kinachooza Sandukuni

Kuvu ya lenzi haionekani kwenye shuka. Hilo ndilo jambo la kwanza ambalo fundi mmoja wa Runzewe huwaambia wanaomletea lenzi za mashine za sinema za zamani, na wengi hawamwamini. Wanadhani kioo kikiwa na uchafu, picha lazima itoe doa. Haitoi. Lenzi huchora kilichoko kwenye mkanda. Haiwezi kujichora yenyewe. Kinachotokea ni kwamba weusi unageuka kijivu, nyuso zinapauka, na watazamaji wanasema mkanda umechakaa au taa imechoka. Wapo hata wanaoyasingizia macho yao. Lenzi hailaumiwi na mtu.

Mzee huyu ana meza yake kando ya barabara kuu ya Lusahunga, malori ya Rwanda na Burundi yakimpita mchana kutwa. Riziki yake ni redio, feni na chaja za simu. Lenzi ni kazi ya pembeni: kamera za wapiga picha za pasipoti, hadubini ya zahanati ambayo mtaalamu wa maabara ameanza kulalamika kwamba haioni tena vijidudu vya malaria, na mara chache, lenzi ya projekta ya milimita 16 iliyookotwa kwenye stoo fulani. Ikija hiyo ya mwisho, redio zote husubiri.

Anaanza kwa kuitazama. Anawasha tochi ndogo, anaielekeza kwa upande, si moja kwa moja, kisha anaizungusha lenzi taratibu. Hapo ndipo nyuzi zinapojitokeza, nyeupe, zimetambaa kutoka ukingoni kuelekea katikati kama mizizi ya nyasi iliyong'olewa. Kama ni ukungu tu, yaani mvuke wa grisi ya zamani uliotua juu ya kioo, tochi huonyesha utando wa maziwa usio na umbo. Ukungu humfurahisha. Kuvu humnyamazisha.

Spana za kazi hii hazikufika Runzewe, na hajawahi kuzililia. Amefunga kipande cha tyubu ya baiskeli kwenye kifuniko cha chupa, anakikandamiza juu ya pete inayoshikilia kioo, anazungusha, pete inaachia. Kila kioo kinachotoka hutiwa alama ya kalamu ya risasi ukingoni, kuonyesha upande uliotazama taa. Lenzi nyingi za projekta zimejengwa kwa mpango wa Joseph Petzval wa mwaka 1840: vioo viwili vya mbele vimegandishwa pamoja, viwili vya nyuma vimeachiana nafasi. Ukigeuza kimoja, umeua picha, na hakuna atakayejua kwa nini.

Kisha vumbi. Nilipokaribia kukipangusa kioo kwa pindo la shati langu, alinishika mkono.

“Ng'wanawane, vumbi la huku usilifute. Lina mawe.”

Ana haki. Ukanda huu wa Geita unasaga miamba usiku na mchana; makarasha yanatwanga lile jiwe jeupe linalobeba dhahabu, na unga wake unatua kwenye kila kitu, kuanzia bati hadi kope. Jiwe hilo ni gumu kuliko kioo cha lenzi. Ukipangusa umeshachora mikwaruzo ambayo hakuna dawa ya kuiondoa. Kwa hiyo yeye hupuliza kwanza, na si kwa mdomo, maana mate nayo ni chakula cha kuvu. Anatumia kile kipira cha kuwavutia watoto wachanga kamasi. Anapuliza, anageuza kioo kitazame chini, anapuliza tena.

Baada ya hapo ndipo inapokuja ile dawa ya vidonda inayotoa povu, na tone la amonia. Pamba inaloweshwa, inakamuliwa, inawekwa katikati ya kioo na kuzungushwa kwenda nje, polepole, bila kukandamiza, kisha inatupwa. Pamba haigusi kioo mara mbili. Halafu spiriti, kwa mwendo uleule. Nilikaa nikimtazama mpaka chai yangu ikapoa, na katika muda wote huo mkono wake haukufanya haraka hata mara moja, ingawa mwenye feni alikuwa amesimama palepale akihema kwa hasira.

Sehemu ninayoiheshimu zaidi ni pale anapoacha. Kuvu hutoa tindikali, na tindikali hula kwanza ule utando wa zambarau ulio juu ya kioo, ambao Alexander Smakula aliubuni pale Zeiss mwaka 1935 ili mwanga usirudi nyuma. Unene wake ni kama sehemu moja ya elfu kumi ya milimita. Ukishaliwa, umeliwa. Fundi wa pupa huendelea kusugua akitafuta usafi usiopo, akamaliza na utando uliobaki. Na kuvu ikipenya kati ya vile vioo viwili vilivyogandishwa kwa utomvu wa mti wa Canada, yeye haigusi kabisa. Anamwambia mteja ukweli, anamrudishia kitu chake, hadai senti.

Nilimuuliza ni nini kinaziua lenzi hizi, nikitegemea ataitaja mvua yetu inayoanza Oktoba na kuondoka Mei. Akasema ni heshima. Mashine inayofanya kazi haioti kuvu. Joto la taa linaikausha. Zinazooza ni zile zilizofutwa vizuri, zikatiwa kwenye mfuko wa ngozi, zikafungiwa kwenye sanduku na sanduku kwenye kabati, ufunguo akabaki nao mkubwa fulani aliyestaafu. Giza, unyevu, na alama za vidole vya aliyeziaga.

Nchi hii imefungia nyingi namna hiyo. Kati ya 1935 na 1937 wakoloni walitengenezea filamu zao za mafunzo Vugiri, kwenye milima ya Usambara, wakazizungusha kwa lori. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Rashidi Kawawa, kabla ya uwaziri mkuu, aliigiza kwenye “Muhogo Mchungu”. Baada ya uhuru, magari ya sinema yaliendelea kuja vijijini, na sisi tuliokulia huku tunayakumbuka kwa jenereta: ukilisikia, unaacha ugali. Shuka lilifungwa kwenye ukuta wa ghala la pamba. Kwanza tulifundishwa kung'oa maotea, tukavumilia, kwa sababu baada ya pamba kulikuwa na vichekesho. Waliochelewa walikaa nyuma ya shuka wakaona watu wote wa mashoto.

Leo Runzewe ina vibanda umiza vya kuonyeshea video, na sivichukii. Lufufu, kwa kuzitafsiri filamu za kigeni kwa Kiswahili, amewapa watu wetu raha isiyo na kipimo. Lakini sijaona kibanda ambamo mtu anafuta lenzi. Projekta ya siku hizi ikififia, inatupwa. Zile za zamani zilienda kwa kilo kwa wanunuzi wa chuma chakavu, maana miili yake ni alumini, na alumini inatoa sufuria nzuri. Watoto waliobahatika waliokota vioo wakachomea nyasi.

Lenzi niliyoiona ikisafishwa ilikuwa ya kijana anayepiga video za harusi. Ameichongea pete, anaifunga kwenye kamera yake ya kidijitali, kwa sababu lenzi za Petzval huifanya picha izunguke pembezoni, na maharusi wanapenda. Kwa mzee, mzunguko huo ni kasoro tu. Hata hivyo aliijaribu kwa kuielekeza mtaani, karatasi nyeupe nyuma yake: lori jekundu likapita juu ya karatasi, kichwa chini, rangi imekolea. Akataja bei. Kijana akaomba apunguziwe.

“Mashine yake iko wapi?” mzee akauliza.

Kijana akasema ilikwenda skrepa, shikamoo mzee, mwaka juzi, kilo kadhaa. Mzee akamwongezea elfu mbili.