KUUNGANISHA BILA KUUNGANA: UHAKIKI WA LUGHA YA MIUNDOMBINU YA AFRIKA KWA MTAZAMO WA CHOVAI

Ikisiri

Mipango ya kuliunganisha bara la Afrika kwa nishati, uchukuzi na mawasiliano imeandikwa kwa wingi, hasa tangu Programu ya Maendeleo ya Miundombinu Afrika (PIDA) ipitishwe na wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika mwaka 2012. Makala haya hayaipimi mipango hiyo kwa vigezo vya mhandisi wala vya mchumi. Yanaisoma kama matini. Swali lake ni dogo: kitenzi kuunganisha kinabeba nini katika maumbo yake, na ni sehemu gani ya maana hiyo inayopotea kitenzi kinapogeuzwa kuwa mstari wa ramani? Mahali pa kusomea ni Chovai, kisiwa cha Wabajuni kilichoko kati ya bandari za Kismayo na Lamu.

1. Utangulizi

Visiwa vya Wabajuni vimepangika juu ya mwamba wa matumbawe, sambamba na bara, kuanzia kusini mwa Kismayo hadi karibu na Ras Kiamboni. Chovai, ambayo wengine huiandika Chovaye, iko kati ya Koyama upande wa kaskazini na Chula upande wa kusini. Msomaji wa taaluma za Kiswahili amekutana na majina haya kwa njia mbili au tatu tu: katika kazi za isimu za Derek Nurse kuhusu lahaja za kaskazini, katika taarifa ya kiakiolojia ya Neville Chittick ya mwaka 1969, au, kwa anayesoma Kiitaliano, katika kitabu cha Vinigi Grottanelli kuhusu wavuvi wa Bahari ya Hindi kilichochapishwa Roma mwaka 1955. Katika kazi hizo zote Chovai ni mahali pa kuchunguzwa. Hapa tunapendekeza iwe mahali pa kuchunguzia.

Sababu ya kufanya hivyo sasa iko wazi. Mwezi Februari 2022 Umoja wa Afrika uliidhinisha Kiswahili kuwa lugha yake ya kazi. Mwezi Machi 2024 Somalia ikawa mwanachama kamili wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kwa hiyo mipango mikubwa ya bara hili itazidi kuandikwa, kutafsiriwa na kujadiliwa kwa lugha yetu, na wazungumzaji wa lahaja yetu iliyo miongoni mwa za mwisho kaskazini wamo, kwa mujibu wa mkataba, ndani ya nyumba moja na sisi. Tukiwapa waandishi wa mipango msamiati bila kuuhakiki, tutakuwa makarani wao.

2. Kitenzi na viambishi vyake

Kuunganisha kina mzizi -ung-, kiambishi cha kutendana -an-, kiambishi cha usababishi -ish- na kiishio -a. Fundi anayeunga kamba iliyokatika anafanya tendo la moja kwa moja. Watu wanaoungana wanatendana. Kila mmoja ni mtenda na mtendwa. Anayeunganisha yuko nje ya tendo la kutendana, analisababisha tu. Hata hivyo mofolojia ya Kiswahili haimruhusu kulisahau, kwa kuwa -ish- imeegemea juu ya -an-. Huwezi kuunganisha ikiwa hakuna wa kuungana.

Sasa tuisome mipango yenyewe. PIDA inajumuisha sekta nne: nishati, uchukuzi, maji yanayovuka mipaka, na teknolojia ya habari na mawasiliano. Ajenda 2063 nayo inataja reli ya mwendo kasi ya bara zima, bwawa la Inga katika Kongo, soko moja la usafiri wa anga na mtandao wa kielektroniki wa Afrika. Katika matini hizi msababishi anajulikana: ni serikali, benki, mkandarasi. Vinavyounganishwa navyo vinajulikana: bandari na mgodi, bwawa na mji mkuu, nchi isiyo na pwani na nchi yenye pwani. Watu huingia baadaye, wakiwa wanufaika. Neno hili wanufaika linastahili kutazamwa kwa shaka popote lionekanapo, kwa maana mnufaika hupokea tu, hatendani na yeyote. Usababishi umebaki, kutendana kumefutwa.

Maneno mengine ya mipango hiyo yanatunza kumbukumbu ambayo mipango yenyewe imeipoteza. Kuwasiliana ni kufikiana: wewe unawasili kwangu nami ninawasili kwako. Miundombinu, neno ambatani lililobuniwa na kuenea hadi likasahaulika kuwa ni jipya, limebeba ndani yake kitenzi kuunda, na kwa watu wa pwani kilichoundwa kabla ya vyote ni chombo cha baharini. Ushoroba ulikuwa njia nyembamba kati ya nyumba na nyumba, ambayo majirani huipita wakisalimiana. Leo ushoroba una upana wa kilomita nyingi, na aliye kando yake hasalimiwi na mtu. Hulipwa fidia, au husubiri kulipwa.

3. Ramani isiyo na mwambao

Mtandao wa Barabara Kuu za Kuvuka Afrika ulianza kubuniwa mwaka 1971 chini ya Kamisheni ya Umoja wa Mataifa ya Uchumi wa Afrika. Una njia tisa zenye urefu unaozidi kilomita 56,000 kwa jumla. Anayezifuata kwa kidole ataona jambo la ajabu. Mwambao wa Mediterania na sehemu kubwa ya ule wa Atlantiki umepewa njia: Kairo hadi Dakar, Dakar hadi Lagos, na ile ya Tripoli hadi Windhoek. Kwa upande wa Bahari ya Hindi, ule mwambao uliozaa lugha tunayoiandikia, hakuna njia inayoufuata. Njia ya Lagos inafika Mombasa na kukoma. Njia ya Lobito inafika Beira na kukoma. Ile ya N'Djamena inaishia Djibouti. Ile ya Kairo hadi Cape Town inapita bara, kwa Nairobi na Dodoma. Na katika njia hizo tisa hakuna hata moja inayoikanyaga Somalia.

Si kweli kwamba mwambao umeachwa kabisa. Benki ya Maendeleo ya Afrika inafadhili barabara ya Bagamoyo, Horohoro, Lungalunga hadi Malindi, na hiyo ni hatua ya maana. Lakini inaishia Malindi, na ni ya nchi kavu. Katika sarufi ya ramani hizi pwani ni mlango tu: hakuna asafiriye kwa kuufuata mlango. Bahari ni mahali ambapo kontena hutokea.

Nyaya za chini ya bahari zinathibitisha hoja hii kwa namna yake. Waya wa EASSy, uliowashwa mwaka 2010, unatoka Mtunzini, Afrika Kusini, hadi Port Sudan. DARE1 unaunganisha Mombasa na Djibouti na una vituo Mogadishu na Bosaso. Zote mbili zimepita katika bahari ileile ambayo vyombo vya Chovai vilipita. Njia ya kale imeonekana kuwa nzuri, basi, ila kwa habari zinazosafiri bila kutua.

4. Kati ya bandari mbili

Jina Watikuu, ambalo watu wa Lamu waliwaita Wabajuni, huelezwa kuwa limetokana na nti kuu, yaani nchi kubwa, bara. Watu wa visiwani wakaitwa watu wa bara. Jina hilo lina mantiki: kwa maisha yao kisiwa na bara lililo mkabala havikutengana, na bahari iliyo kati yake, kwa kuwa mwamba unaikinga, ilikuwa uwanja wa kazi. Mtepe, jahazi lililoshonwa kwa kamba za usumba na kuendeshwa kwa tanga la mkeka, uliundwa na mafundi wa eneo hili la kaskazini na kubeba boriti za mikoko. Kaskazi na kusi vilikuwa nishati yake, bandari ndogondogo vilikuwa vituo vyake, na habari zilisafiri pamoja na mzigo. Uchukuzi, nishati na mawasiliano vilikuwa kitu kimoja, bila mtu kuviita hivyo.

Mwaka 1925 Uingereza iliikabidhi Italia Jubaland, pamoja na Kismayo na visiwa hadi Ras Kiamboni. Kiunga, Faza na Kizingitini zilibaki Kenya. Jamii moja ikawa na mpaka katikati. Kwa muda mrefu mpaka huo ulikuwa wa karatasi zaidi kuliko wa maji. Baada ya mwaka 1991, dola ya Somalia ilipoanguka, Wabajuni wengi walikimbilia Lamu na Mombasa kwa njia ileile ya bahari. Lakini mwaka 2011 Kenya iliufunga rasmi mpaka wake na Somalia. Mwaka 2023 ikatangaza kuufungua kwa awamu, kisha ikaahirisha baada ya mashambulizi. Katikati ya hayo, tarehe 12 Oktoba 2021, Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilichora mstari wa mpaka baharini kati ya nchi hizo mbili. Maji waliyoyavua mababu yaligawanywa katika shauri ambalo wavuvi hawakuwa upande wowote.

Kusini mwa mstari huo kuna mradi wa LAPSSET, uliozinduliwa Lamu tarehe 2 Machi 2012 mbele ya marais wa Kenya na Sudan Kusini na waziri mkuu wa Ethiopia. Mpango ulikuwa magati 32, barabara, reli, bomba la mafuta na njia za umeme kuelekea Isiolo, Juba na Addis Ababa. Gati la kwanza lilianza kazi mwezi Mei 2021. Uchimbaji wa mlango wa bahari uliharibu maeneo ya uvuvi, na mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Kenya iliamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76, ikitambua haki zao za utamaduni na za mazingira safi. Hukumu hiyo ni ya kusifiwa. Tukiisoma kama matini, hata hivyo, tunaona nafasi pekee ambayo mradi uliiacha kwa mtu wa bahari: nafasi ya aliyeumizwa. Nahodha anayejua kupita kati ya mwamba na bara hakuhesabiwa kuwa miundombinu.

Kaskazini mwa mstari iko Kismayo, na kisa chake cha nishati kinauma zaidi. Somalia haina gridi moja ya taifa. Miji yake hutegemea zaidi jenereta za makampuni binafsi. Kwa miaka mingi mzigo mkubwa uliotoka Kismayo kwenda nchi za Ghuba ulikuwa makaa ya migunga iliyokatwa bara, hadi Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipopiga marufuku biashara hiyo mwezi Februari 2012, na hata baada ya hapo haikukoma mara moja. Mwezi ule uliotangulia, Addis Ababa, PIDA ilikuwa imepitishwa. Mpango mmoja uliahidi umeme kutoka mabwawa ya mbali. Bandari moja ilikuwa ikisafirisha misitu yake magunia kwa magunia. Chovai imekaa kati ya bandari hizi mbili. Katika kila ramani tuliyoitaja, ni maji matupu.

5. Sauti katika simu

Kuna njia moja ya mawasiliano ambayo kwa hakika iliwafikia Wabajuni. Waliofika Uingereza wakiomba hifadhi walitakiwa kuthibitisha kuwa wametoka visiwani, na mwaka 2004 baraza la rufaa la nchi hiyo lilitoa mwongozo ambao suala lake kuu lilikuwa uwezo wa kuzungumza Kibajuni. Katika utaratibu wa uchambuzi wa lugha uliotumika nchini humo, mwombaji huhojiwa kwa simu, sauti hurekodiwa, na mchambuzi aliye nchi nyingine hutoa maoni kuhusu asili yake. Mtu aliyekulia kambini Mombasa, akasikia Kiswahili cha mjini kila siku, anaweza kutiliwa shaka kwa sababu lahaja yake imechanganyika. Waya umeunganishwa barabara. Lakini upande mmoja unauliza na mwingine unajibu, na kuuliza hakurudi upande wa pili. Sijui mfano ulio wazi zaidi wa kuunganisha bila kuungana.

6. Pingamizi

Msomaji anaweza kusema kwamba tunaitukuza bahari. Ana haki. Katika karne ya kumi na tisa vyombo vya mwambao huu vilibeba pia Wazigua waliotekwa utumwani hadi pwani ya Somalia. Wazao wao wangali katika bonde la Juba, na baadhi yao bado wanazungumza Kizigua. Nayo hiyo ilikuwa kuunganisha: -ish- ya kikatili kuliko ya mkandarasi yeyote. Njia ya kale, kwa hiyo, haina usafi wa kutuwezesha kuihukumu mipya. Tunachodai ni kuwa kila njia, ya tanga au ya waya, iulizwe swali moja la kisarufi: nani anatenda, na nani anatendewa tu?

Pingamizi la pili ni la usalama, na halipuuziki. Serikali haikufunga mpaka kwa kupenda. Lakini utaratibu wa kufunga umeandikwa kwa undani, na wa kufungua haujaandikwa. Itifaki ya Soko la Pamoja la Jumuiya, inayotumika tangu 2010, inaruhusu watu kusafiri huru kati ya nchi wanachama. Kati ya Chovai na Kizingitini uhuru huo ungehitaji vitu visivyo vya kifahari: gati la vyombo vidogo, taa ya mwamba, barafu ya samaki, taarifa ya hali ya hewa kwa redio kwa lugha inayoeleweka chomboni, na afisa wa uhamiaji anayekaa pwani. Gharama yake ingejificha ndani ya gharama ya gati moja la kontena.

Kazi yetu sisi wa Kiswahili ni nyembamba zaidi. Kamati za istilahi zinapotafuta maneno ya mipango hii, na watafsiri wa Umoja wa Afrika wanapoandaa matini zake, neno ushoroba wa bahari linaweza kuingizwa katika orodha likiwa na fasili yake: njia ya vyombo, watu na mizigo kati ya bandari ndogo za mwambao mmoja, kwenda na kurudi. Katika fasili hiyo maneno matatu ya mwisho yasikatwe na mhariri.