Wahudumu wa Baa za Cardiff

Siku ya mechi ya michuano ya raga ya Mataifa Sita, mashabiki wa Wales na wageni waliosafiri huketi pamoja uwanjani, hawatenganishwi. Undugu huo husifiwa sana; wanaoubeba hawatajwi. Uwanja wenye viti 74,000 hivi uko katikati ya mji, kwa hiyo umati humiminikia baa za jirani. Chini, kwenye chumba baridi, mtu anabadilisha mapipa ya bia ya lita 50, kila moja likizidi kilo 60. Juu, mwenzake anajaza vikombe mfululizo, anamkatalia mlevi bila kumvunjia heshima, anadeki matapishi chooni. Wageni huondoka wakisimulia ukarimu wa mji. Ukarimu huo una watu, na miguu yao inauma.