Miksi Nzuri Utaijua Mweka

Usiihukumu miksi ya mazoezi ukiwa umekaa. Kwenye kochi kila miksi ni tamu. Ivae masikioni saa kumi na mbili asubuhi, toka pale Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi, shika njia ya Mweka, halafu uache mlima uisikilize pamoja nawe. Ndiyo njia wanayoipanda wakimbiaji wa nusu ya Kilimanjaro Marathon, kilomita 21.1, kabla ya kugeuza na kurudi uwanjani pale chuoni. Mbio hizo zipo tangu mwaka 2003, na sijaona bado DJ aliyeweza kuudanganya ule mwinuko.

Kipimo changu ni cha kizamani: mchakamchaka. Aliyesoma shule ya msingi ya Tanzania au kupitia JKT anaujua. Kiongozi anaimba, kundi linaitikia, na kiitikio kinatua pamoja na mguu. Kiongozi naye anakimbia, kwa hiyo pumzi ikimkata, wimbo unapungua wenyewe. Mtengenezaji wa miksi yeye amekaa mbele ya kompyuta na kikombe cha chai ya tangawizi. Ukitaka kujua ubora wa kazi yake, tafuta jambo moja tu: je, aliwahi kuikimbia?

Hesabu itakwambia mapema. Wengi wetu tunakimbia hatua 160 hadi 180 kwa dakika, hivyo wimbo wa mapigo 85 au 90 unakaa vizuri, kila pigo hatua mbili. Amapiano, inayozungukia mapigo 112 hivi, naipenda sana, ila inashika mabega, miguu inaiacha. Mtihani wenyewe ni singeli. Mapigo yake yanavuka 200, mengine yanagusa 300, na DJ mchanga huiweka pale anapotaka watu wachomoke kama wanafukuzwa na nyuki. Hakuna mguu unaofuata mapigo 240. Lakini yagawe kwa mbili upate 120: hiyo ni hatua ya mtu anayepanda mlima kwa kutembea haraka, mikono ikisukuma. Muziki uliozaliwa uswahilini Dar es Salaam, kwenye tambarare na joto, kumbe unapandisha watu katikati ya migomba ya Uchagani! Nikiikuta singeli kwenye mwinuko, natulia. Najua niko na mjuzi. Nikiikuta kwenye mteremko, naizima kabla magoti hayajanishtaki.

Kisha sikiliza maungio. Nyimbo mbili zikipokezana huku ngoma zao zimepishana kidogo, utasikia ka-tak, ka-tak, kama punda kwenye lami. Baa hakuna anayejali. Anayekimbia mguu wake unasita, unatafuta ngoma ya kuifuata, unakosa. Mimi nilishawahi kuishia ndani ya mfongo, yaani mfereji wa maji, kwa sababu ya ungio la sekunde nne, viatu vimelowa, na mama mmoja mwenye mzigo wa majani kichwani ananipa pole huku anacheka. Ungio lile nililitengeneza mwenyewe.

Sasa shukrani, ambazo wengi huzipuuza wakidhani si sehemu ya ufundi. Hapa ndipo ninapomtambua mtu upesi kuliko kwenye nyimbo. Yuko anayefungua kwa dakika tatu za asanteni sana watu wangu wa nguvu, huku msikilizaji amesimama barabarani anapigwa na baridi, misuli inapoa. Yuko anayeshukuru katikati ya mwinuko, kwa sauti kubwa, wakati huna hata pumzi ya kumtukana. Na yuko anayeshukuru na mkono ameunyoosha: asanteni, ila jisajilini, sambazeni, tumeni chochote. Sina ugomvi na kuomba. Wagumu, kama wapagazi wa Kilimanjaro wanavyoitwa, huwaimbia wageni safari inapokwisha, na kila mtu anajua bahshishi iko njiani. Ila wameshabeba mizigo yao ya kilo 20 siku tano, sita. Beba kwanza, ndugu yangu, halafu uimbe.

Shukrani iliyopikwa vizuri ni fupi na ina mtu ndani yake. “Yule dada aliyesema wimbo wa pili unachelewa kuingia, nimeurekebisha.” Sekunde saba, jina halijatajwa, na mwenyewe akisikia atajijua. Mahali pake ni mwishoni, msikilizaji akitembea kupoza mwili, sauti ikiwa chini ya muziki.

Shukrani nyingine haisemwi kabisa, ipo kwenye uzito wa faili. Saa moja ya muziki kwa kilobiti 128 kwa sekunde ni takriban MB 58. Kwa 64 ni nusu yake. Anayenunua bando la siku anaijua tofauti hiyo mfukoni. Ukishusha mno, matoazi huanza kuchemka kama mafuta yanayongoja chapati, kwa hiyo mtengenezaji muungwana huweka faili mbili, nzito na nyepesi, na kuandika ukubwa wake wazi. Huandika pia majina ya wasanii na nyimbo kwa mpangilio. Asiyetaja ametumia kazi ya mtu kama kuni za jirani.

Mimi nimo katika kazi hii ya kutengeneza miksi kwa miaka kadhaa, na hukumu zote hizi zimenipata kabla sijawapa wengine. Maoni huja kwa ujumbe wa sauti, aghalabu usiku, na hayana adabu za ukaguzi. “Mangi, jana umeniua.” “Kaka, hilo tangazo la mwanzo mbona refu?” Mwaka jana mgumu mmoja alinitumia wake, upepo unavuma nyuma yake. Akasema miksi yangu ya saa nzima ameikata, simu ina nafasi ndogo. Amebakiza kuanzia dakika ya 41 hadi ya 45, na hizo ndizo anazopanda nazo kila safari. Asante sana, mangi.

Nikaenda mbio kuisikiliza dakika ya 41. Pana wimbo mmoja, umenyooka, na kwa mbali mimi nakohoa.