Udaga, moto na pelleti isiyovunjika

Fungua mfuko wa pelleti uliotoka Mwanza kwa lori hadi Tarime, kisha ukapakiwa bodaboda hadi kijijini. Juu kuna punje nzima. Mimina hadi chini uone: unga mtupu. Mfugaji wa kuku wa nyama amelipia pelleti, kuku wake wanakula vumbi.

Hasara hiyo si ya sura tu. Mwaka 1962 Jensen na wenzake, huko Marekani, walipima muda ambao vifaranga hukaa kwenye chombo cha chakula. Wa unga walitumia asilimia 14.3 ya mchana wa saa 12; wa pelleti, asilimia 4.7. Yaani saa moja na dakika 43 dhidi ya dakika 34. Kuku aliyeshiba mapema hulala, na nguvu ambayo angeimaliza kwa kudonoa inabaki mwilini. Tena hachagui. Kwenye unga huokota chembe nono za mahindi na kuacha premiksi chini ya chombo, ilhali kila pelleti ina kila kitu. Ila yote hayo yanadai punje ifike mdomoni ikiwa nzima.

Viwanda vikubwa hupuliza mvuke kwenye mchanganyiko hadi ufike nyuzi joto 75 hadi 85, kisha huusukuma kwenye tundu za chuma. Mvuke huo ndio unaolainisha wanga na protini vikashikana. Mashine ndogo za mtaani hazina mvuke. Zinategemea joto la msuguano, ambalo mara nyingi halitoshi. Ndipo watu hutafuta gundi. Bentonaiti hushika, lakini ni udongo: kilo 2 zake katika kilo 100 zimekalia nafasi ya chakula. Sioni sababu ya kuisafirisha hadi Mara, mkoa wenye udaga, yaani muhogo uliolowekwa na kukaushwa.

Hapa ndipo wengi hukosea. Huchota unga wa udaga mkavu, wakauchanganya na pumba na mashudu, pelleti zikivunjika wakasema muhogo haufai. Mpishi yeyote wa ugali wa udaga angewaambia: ukiutia unga kwenye maji baridi unatuama, ukiona moto ndipo unavuta. Wanga wa muhogo huanza kuvimba na kunata kwenye nyuzi 65 hivi. Kwa hiyo anza na kilo 3 za unga wa udaga kwa kila kilo 100 za chakula, upike uji mzito kwa maji yasiyozidi lita 10, uuchanganye ungali moto, ndipo upeleke kwenye mashine. Mahindi nayo yawe yamesagwa laini, kwa sababu kila chenga kubwa ni mahali pa ufa.

Uji una gharama zake. Muhogo una protini asilimia 2 au 3 tu, mahindi 8 au 9, basi pengo lizibwe kwa soya au dagaa wa ziwani (wapepetwe kwanza, mchanga si protini). Udaga uwe umelowekwa na kukaushwa vizuri ili sumu ya muhogo mchungu ipungue. Na maji uliyoongeza lazima yatoke: anika kwenye turubai penye upepo hadi pelleti ikatike kwa mlio mkavu. Ukizitia guniani zikiwa mbichi wakati wa masika, umealika ukungu na sumukuvu.

Kupima ni rahisi. Maabara huzungusha gramu 500 ndani ya sanduku kwa dakika 10. Wewe chekecha nusu kilo, itie kwenye debe lenye mfuniko, uliviringishe kwa dakika hizo hizo, uchekeche tena. Zikibaki gramu 450 nzima, kazi ni nzuri. Zikibaki 300, rudi jikoni.

Kuna jambo moja ambalo wauza mashine hawalitaji. Nyanda za juu za Tarime zinapita mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, hewa yake ni nyepesi, na broila anayekua haraka kwa pelleti moyo wake hulemewa. Kuku akihema, upanga ukageuka samawati na tumbo likajaa maji, usilaumu udaga. Kundi linalofuata lipe unga wiki mbili za mwanzo, pelleti zije baadaye.