Kutoka Jaani Hadi Jaani: Hadithi za Ajabu na Usomaji wa Sauti kwa Watoto wa Eastlands

Makala haya yanachunguza tendo dogo ambalo uhakiki wa fasihi ya Kiswahili umelipa nafasi finyu mno: mtu mzima kuketi na watoto wadogo na kuwasomea kwa sauti, kutoka kitabuni, hadithi ya ajabu. Mazingira tunayoyarejelea ni mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, kuanzia Kaloleni na Makadara hadi Kariobangi na Dandora. Dai letu ni kwamba fantasia haimshindi mtoto wa mitaa hii kwa sababu ya umaskini wa kwao, wala kwa sababu ya Sheng anayoizungumza. Humshinda pale ambapo mchapishaji, msomaji na mhakiki wameigeuza ajabu kuwa karatasi ya kufungia funzo.

Yafaa tuanze kwa kukiri upungufu wetu wenyewe. Kwa zaidi ya miongo mitatu sasa, wahakiki wa Kiswahili tumeandika kwa bidii juu ya Nagona (1990) na Mzingile (1991) za Kezilahabi, Walenisi (1995) ya Katama Mkangi, Babu Alipofufuka (2001) ya Said Ahmed Mohamed, na Bina-Adamu! (2002) ya Wamitila. Tumezozania istilahi, na wanafunzi wetu wa uzamili wanaweza kueleza uhalisia-mazingaombwe hata usingizini. Lakini mtoto wa miaka mitano anayesikiliza habari za zimwi tumemwachia mwalimu wa chekechea, kana kwamba ajabu huanza kustahili uhakiki pale tu inapokuwa ngumu kueleweka. Hali hii inashangaza zaidi tukikumbuka kwamba riwaya tulizozitaja zinachota kwenye visima vilevile vya ngano.

Historia ya visima hivyo ina kinaya chake. Mwaka wa 1870, Edward Steere alichapisha London mkusanyiko wa Swahili Tales, hadithi alizozikusanya Zanzibar, Kiswahili upande mmoja na Kiingereza upande wa pili. Miaka 31 baadaye, mwaka wa 1901, Andrew Lang alizitia baadhi yake katika The Violet Fairy Book, mojawapo ya vitabu vyake mashuhuri vya hadithi za watoto. Hivyo basi, mtoto wa Kiingereza mwanzoni mwa karne ya 20 aliweza kusomewa kitandani habari za Nunda mla watu na za paa aliyemtajirisha maskini, wakati ambapo babu zake mtoto wa Kaloleni hawakuruhusiwa hata kuvuka kizingiti cha Maktaba ya McMillan, iliyofunguliwa Nairobi mwaka wa 1931 kwa ajili ya Wazungu. Leo matawi mawili ya maktaba hiyo, la Kaloleni na la Makadara, yamekarabatiwa na shirika la Book Bunk lililoanzishwa mwaka wa 2017. Vyumba vipo. Swali la mhakiki ni nini kisomwe humo, na kwa namna gani.

Mwandishi wa makala haya amekuwa akiwasomea watoto wa kati ya miaka minne na minane katika mtaa mmoja wa Eastlands, alasiri za Jumamosi. Si utafiti wa takwimu, na hatudai kuwa nao. Ni usomaji wa matini, ila matini ambazo zimepitishwa kooni mbele ya hadhira isiyo na adabu ya kujifanya imependezwa.

Tuchukue sehemu ya paa katika hadithi ya Sultani Darai, katika mkusanyiko wa Steere. Maskini mmoja anachakura jaani akitafuta punje za mtama. Siku moja anaokota sarafu ndogo, naye badala ya kununua chakula ananunua paa. Watu wanamcheka. Paa huyo anasema, anapata almasi, anaipeleka kwa sultani na kumposea bwana wake binti wa sultani. Kisha anamuua nyoka mwenye vichwa saba na kumkabidhi bwana wake jumba la nyoka huyo. Hatimaye paa anaugua. Bibi kizee anakwenda kwa bwana na kurudi, anakwenda na kurudi, na kila mara jibu la bwana linazidi ukatili: apewe uji wa pumba. Paa anakufa na kutupwa kisimani. Bwana analala katika utajiri wake, na akiamka yuko jaani, anachakura.

Mhakiki aliyelelewa katika nadharia ya Todorov (1970), ambaye kwake kiini cha fantasia ni kule kusitasita kati ya maelezo ya kimaumbile na yale yaliyo nje ya maumbile, atatarajia mtoto asite paa anapofungua kinywa kunena. Watoto wetu hawakusita hapo hata kidogo. Walisita mahali pengine: pale mtu mwenye njaa anaponunua mnyama badala ya chakula. Hilo ndilo lililowashangaza, nao wakalijadili kwa sauti. Jaa halikuhitaji maelezo. Jaa la Dandora limekuwapo tangu miaka ya 1970, na wapo watoto wanaojua kwa jina watu wanaochakura humo. Hapa ndipo tunapoona werevu wa msimulizi wa Zanzibar ambaye Steere alimsikiliza: ajabu yake haianzii katika nchi ya mbali iliyofunikwa na ukungu. Inaanzia mahali pachafu panapojulikana na inarudi papo hapo. Wanaodai kwamba fantasia ni anasa ya watoto wa mitaa ya kifahari hawajaisoma hadithi hii kwa makini.

Kusoma kwa sauti, hata hivyo, si utambaji. Mtambaji ana macho huru. Humtazama mtoto anayesinzia na kuongeza kelele za zimwi. Msomaji ana kitabu mkononi, na kitabu humnyang'anya macho. Kwa upande mwingine, kitabu humpa kitu ambacho mtambaji hana. Tulipofika kwa nyoka wa vichwa saba, mtoto mmoja alinyoosha kidole kwenye ukurasa na kuuliza kama hivyo vichwa viko hapo. Tulimwonyesha neno "saba". Alilitazama kwa muda, akaridhika. Kwa mtoto wa mjini, maandishi ni ya shule, ya risiti, ya tangazo la kodi ya nyumba. Ni maneno yasiyofanya mzaha. Ajabu iliyochapishwa humjia basi ikiwa na hati, na hilo ni jambo ambalo nadharia zetu za fasihi simulizi, zilizozoea kuomboleza jinsi maandishi yanavyoua sauti, hazijalifikiria vya kutosha.

Pengo lililopo liko mwanzoni. "Paukwa!" huitikiwa "Pakawa!", na kwa mwitikio huo hadhira hutia sahihi mkataba: tunajua haya si ya hapa, yalete. Katika baadhi ya mapokeo hadhira hata huukaribisha uwongo kwa jina lake. Vitabu vingi vya hadithi nyepesi vimeuacha mwito huu, au vimeuchapisha kama pambo lisilongoja jibu. Kisha mwishoni, mahali pa ule usemi wa kufunga hadithi, pamewekwa maswali ya ufahamu. Maana ya mabadiliko haya ni kubwa kuliko inavyoonekana. Mlango wa kuingilia umeondolewa, na penye mlango wa kutokea ameketi mtahini. Tulipojaribu kusoma bila mwito, watoto walikaa kimya kama walio darasani. Tuliporudisha mwito, na kungoja hadi wote waitikie, maswali yao yalianza kabla ya ukurasa wa pili.

Kuhusu sauti yenyewe, tungependa kutaja jambo moja la kisarufi. Matini ya Steere inakwenda kwa mnyororo wa kiambishi -ka-: tendo likafuata tendo, bila viunganishi vya sababu. Kwa jicho la mhariri wa leo huo ni uandishi wa kitoto, na matoleo mapya hupenda kuweka "kwa hivyo" na "kwa sababu" ili mantiki ionekane. Kwa sikio mambo ni kinyume. Kila -ka- humpa msomaji mahali pa kupumua, na humwachia mtoto kazi ya kutafuta sababu mwenyewe. Mhariri anayejaza sababu humnyima kazi hiyo.

Pingamizi kubwa zaidi tulilolipata halikuwa la kitaaluma. Mzazi mmoja alimwondoa mwanawe kwa hoja kwamba hadithi za nyoka na majini hufungulia nyumba milango isiyofaa. Pingamizi hili si la kupuuzwa, wala halimtokei mtu mjinga. Eastlands ni mahali ambapo jini wa Majengo, Pumwani, na pepo wa mahubiri ya Jumapili wanaishi mtaa mmoja. Lakini dawa ambayo baadhi ya wachapishaji wameichagua, yaani zimwi mpole anayeomba msamaha na kushirikiana na wanakijiji kupanda miti, haimtulizi mzazi huyo na inamchosha mtoto. Bettelheim (1976) alitetea kitisho katika ngano kwa hoja za kisaikolojia ambazo si lazima tuzifuate zote. Kwetu hoja ni ya kifasihi: zimwi asiyetisha hana kazi katika msuko. Mtoto huhisi hivyo mapema na kuanza kuchezea viatu vyake.

Suala la lugha tulidhani lingekuwa kikwazo kikuu, na halikuwa. Watoto walisikiliza Kiswahili cha Unguja cha karne ya 19 na kujibu kwa Sheng. Alipokufa paa, msichana mmoja alisema kwa hasira: "Kwani angempea tu uji poa, pesa ingeisha?" Huo ni uhakiki kamili wa mhusika, na hatukuona sababu ya kuusanifisha. Msomaji asijaribu kutafsiri matini katika Sheng akiwa anasoma. Umbali wa lugha ya msimulizi ni sehemu ya ajabu. Neno moja moja hufafanuliwa njiani. "Thumuni" ya hadithi, kwa mfano, ni sehemu ya nane ya reale, ilhali Mkenya akisikia "sumuni" hufikiria senti hamsini. Tuliacha kosa hilo lipite, kwani senti hamsini inatosha kuwa kidogo.

Matini nyingine mbili tulizojaribu tutazigusia tu. Adili na Nduguze (1952) ya Shaaban Robert ina mandhari yasiyosahaulika: Adili akiwachapa nyani wawili usiku, akilia, kisha akiwalisha. Watoto walishikwa kabisa na tukio hilo, maana kiboko wanakijua ingawa sheria imekikataza shuleni tangu mwaka wa 2001. Lakini nathari ya Shaaban imejaa hekima, na mtoto wa chini ya miaka minane hupotea kati ya methali na methali; yafaa zaidi kwa wale wakubwa. Elisi katika Nchi ya Ajabu, tafsiri ya Carroll iliyotoka mwaka wa 1940, ilishindwa. Mashairi ya Carroll ni mzaha wa mashairi ambayo mtoto wa Kiingereza wa wakati huo aliyakariri darasani, na mzaha hauwezi kumchekesha asiyejua kinachofanyiwa mzaha. Anguko la shimoni liliwapendeza, yaliyofuata hayakuwapendeza.

Tulirudia hadithi ya paa wiki tatu baadaye, kwa ombi lao. Safari hii hakuna aliyeuliza juu ya nyoka. Bibi kizee alipoanza kwenda na kurudi, walinyamaza kabla ya wakati, kwa kuwa walijua kisima kiko ukurasa upi. Msichana yule wa uji aliweka kiganja juu ya karatasi ili tusifungue. Tulingoja. Mvulana aliyeketi kando yake alimwambia aondoe mkono, kwa sababu hata asipotuachia tusome, paa ameshakufa humo ndani. Walibishana juu ya hilo kwa muda mrefu, na siku hiyo hatukufika jaani.